Mwenye Nguvu Ndiye Apishe

Mama yangu alipokuja kunitembelea Georgia, nilimpeleka Peachtree City akauone mji ambao watu huenda dukani, kanisani na shuleni kwa vigari vya gofu. Tulitembea kandokando ya ziwa, kwenye njia ya lami iliyopita chini ya misonobari. Kila kigari kilipotokea, Mama alishuka njiani, akasimama nyasini huku ameshika upindo wa kanga yake, akangoja kipite. Kilipokuja kingine, akashuka tena. Ikaja baiskeli ya umeme kwa kasi, tukashuka wote wawili. Nikamwambia, "Mama, usihangaike. Hapa mwenda kwa miguu ndiye mwenye haki. Wao ndio wanaotakiwa kupunguza mwendo." Akanijibu, "Hiyo haki umeiona wapi, mwanangu? Mimi naona magurudumu tu."

Jibu hilo limenikaa moyoni, nami hulikumbuka kila ninaposikia mabishano juu ya vyombo gani viruhusiwe kwenye njia zile. Mabishano yenyewe yanaendeshwa na watu walio juu ya magurudumu. Wenye vigari wanawalalamikia wenye baiskeli za umeme, wenye baiskeli wanawajibu, na yule aliyesimama nyasini hatajwi.

Kwa msomaji asiyeujua mji huu: Peachtree City uko kusini mwa Atlanta, katika kaunti ya Fayette. Ulisajiliwa kuwa mji mwaka 1959, ukapangwa kwa mitaa mikubwa inayoitwa vijiji. Leo vijiji hivyo vimeunganishwa na zaidi ya maili 100 za njia za lami, yaani zaidi ya kilomita 160, zilizotengwa na barabara za magari. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 38,244, na maelfu ya nyumba zao zina kigari cha gofu. Shule ya sekondari ya McIntosh ina eneo la kuegesha vigari vya wanafunzi. Njia hizo hupita chini ya barabara kuu kwa mahandaki na juu yake kwa madaraja, hata mtu akaweza kutoka mlangoni kwake mpaka dukani bila kuchangamana na magari. Ni kazi bora ya mipango miji, nami naisifu bila kusita. Kule Florida, The Villages, makazi makubwa ya wastaafu, yana mtandao wa aina hiyohiyo. Mwaka 2005 wakazi wake walipanga msafara wa vigari 3,321, ukaandikwa katika rekodi za dunia za Guinness.

Katika miji ya namna hii kuna rai iliyokwisha kutawala, nayo husemwa hivi: njia ni za vigari vya gofu na waenda kwa miguu. Vigari ndivyo vilivyoupa mji sifa, vimesajiliwa, vina namba, vinaendeshwa na watu wanaojulikana. Shida imeletwa na vyombo vipya, yaani baiskeli za umeme, skuta za umeme na kila kitu cha betri wanachopanda vijana. Viondolewe vyote, amani itarudi.

Nimeisikia rai hii kwa majirani wema, watu ambao ukiwaomba gari lao leo jioni watakupa ufunguo. Hofu yao ni ya kweli. Wamemwona kijana akichomoka kwenye kona kwa mwendo wa pikipiki, wakamvuta mjukuu wao kwa mkono dakika ya mwisho. Hofu hiyo naiheshimu. Hitimisho lao nalipinga, kwa sababu linavipanga vyombo kwa majina yao na kwa umri wa wanaovipanda, badala ya kuvipanga kwa madhara vinayoweza kumfikishia mtu aliye kwa miguu. Ukipanga kwa jina, utafukuza kisicho na hatia na kukikaribisha chenye hatari, mradi tu kimevaa jina zuri.

Tuanze na kigari chenyewe, kwa kuwa rai hii yote imesimama juu ya dhana kwamba kigari ni chombo kisichodhuru. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha makadirio ya watu waliotibiwa katika idara za dharura za hospitali nchini humo kwa majeraha yaliyotokana na vigari vya gofu, kuanzia 1990 hadi 2006. Walipata karibu watu 148,000 katika miaka 17. Takriban theluthi moja walikuwa watoto wa chini ya miaka 16, na chanzo kilichoongoza ni kuanguka au kuruka kutoka kwenye kigari. Si wote walioumia kwenye njia za miji. Wapo walioumia viwanjani na wapo walioumia nyumbani kwao. Lakini ni miaka ambayo baiskeli za umeme zilikuwa adimu mno nchini humo. Watoto hao hawakuangushwa na chombo kipya cha vijana. Waliangushwa na kilekile kigari cha babu kisicho na mlango, na mara nyingi kisicho na mkanda.

Tuje kwenye uzito. Sheria ya Georgia inakitambua kigari cha aina hii kuwa chombo cha usafiri binafsi chenye magurudumu manne, ambacho mwendo wake haufiki maili 20 kwa saa, na ambacho kikiwa kitupu hakizidi ratili 1,375, karibu kilo 620. Chukua kigari cha kawaida cha kilo 450, wapakie watu wawili wazima, jumla iwe kilo 600. Kiendeshe karibu na kikomo hicho cha maili 20, sawa na kilomita 32 kwa saa. Sasa chukua baiskeli ya umeme ya kilo 30 na mpandaji wa kilo 70, iende mwendo uleule. Hesabu ni ya fizikia ya sekondari: kigari kinabeba nishati ya mgongano mara sita ya baiskeli. Hata baiskeli hiyo ikiongeza kasi mpaka maili 28, ambazo ni kilomita 45 kwa saa, kigari kinachotii sheria bado kinaizidi mara tatu. Bibi wa miaka 70 akigongwa kiunoni, mfupa wake hautauliza kama aliyemgonga amesajiliwa.

Sisemi hivi ili kuitakasa baiskeli ya umeme. Mwendo una hesabu yake, nayo ni kali. Baiskeli ileile ikitoka maili 20 kwenda maili 28, nishati yake inakaribia kuwa maradufu, kwa kuwa mwendo huhesabiwa kwa mraba wake. Na kabla ya mgongano kuna suala la muda. Tuseme unatembea, na kona iko mita 30 mbele yako. Chombo cha maili 20 kikichomoka hapo, una kama sekunde tatu na nusu kabla hakijakufikia. Kikiwa cha maili 28, una kama sekunde mbili na nusu. Hiyo sekunde moja iliyopotea ndiyo mzee huitumia kugeuza shingo, kuelewa anachokiona, na kuinua mguu. Kwa hiyo wanaosema kasi ya baadhi ya vyombo vipya haifai kwenye njia hizi wamesema kweli. Wamekosea pale wanapodhani kasi hiyo inakaa ndani ya jina "baiskeli ya umeme".

Chini ya jina hilo kuna vitu vinne tofauti. Majimbo mengi ya Marekani, Georgia ikiwamo tangu 2019, yamezigawa baiskeli za umeme katika madaraja matatu. La kwanza, mota husaidia tu wakati unakanyaga pedali, na huacha kusaidia mwendo unapofika maili 20. La pili, mota yaweza kukusukuma bila kukanyaga, lakini nayo hukoma maili 20. La tatu husaidia mpaka maili 28. Mota haizidi wati 750, na mtengenezaji anatakiwa kubandika lebo inayotaja daraja, kasi ya juu na nguvu ya mota. Cha nne si baiskeli kamwe. Ni pikipiki ya umeme iliyopunguzwa umbo, yenye mota ya maelfu ya wati, mara nyingi haina hata pedali, na muuzaji huiita baiskeli kwa sababu neno hilo linamtuliza mzazi. Hicho cha nne ndicho wanachokiona majirani zangu kikichomoka kwenye kona. Kisha wanaandika kanuni ya kumzuia mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu, ambaye baiskeli yake ya daraja la kwanza inamwezesha kupanda mlima bila kuachwa na wajukuu.

Udanganyifu wa jina uko pia upande wa pili. Tangu 1998 sheria ya shirikisho ya Marekani inatambua magari ya mwendo mdogo, yanayozidi maili 20 lakini hayapiti 25. Ni magari kamili: yanatakiwa kuwa na mikanda, taa, vioo vya pembeni na kioo cha mbele. Kwa macho ya mpita njia, gari la namna hiyo na kigari cha gofu ni pacha. Kuna pia vigari vilivyofunguliwa kufuli ya mwendo gereji, vikainuliwa juu na kufungwa matairi mapana, vikabeba watu sita. Watu huvipungia mkono, kwa kuwa ni "vigari tu". Kwa hiyo kanuni ya majina inakosea mara mbili. Inamfukuza mwenye baiskeli mpole na kumpigia saluti mwenye gari lililojificha ndani ya umbo la kigari.

Hoja ya umri nayo haisimami. Tunaambiwa vijana hawana busara ya kuendesha baiskeli za umeme njiani. Basi tutazame busara tuliyowadai kwenye vigari. Florida, mpaka mwaka 2023, sheria ilimruhusu mtoto wa miaka 14 kuendesha kigari cha gofu kwenye barabara zilizotengwa, bila leseni yoyote. Mwaka huo ndipo jimbo lilipoamua kwamba aliye chini ya miaka 18 awe na leseni ya kujifunzia au leseni kamili. Peachtree City, kijana wa miaka 15 mwenye leseni ya kujifunzia anaweza kuendesha kigari peke yake. Sina ugomvi na hilo. Ninachokataa ni kumkabidhi kijana chombo cha nusu tani, kisha kudai kwamba kijana huyohuyo ni hatari kwa umma akipanda baiskeli ya kilo 30. Kama ni mdogo mno kwa kimoja, basi ni mdogo kwa vyote. Kama anaweza kufundishwa kimoja, afundishwe na kingine.

Nalisema na hili waziwazi, kwa kuwa ndilo lisilosemwa: kuna mambo ya fedha hapa. Kigari kipya cha gofu ni dola maelfu kadhaa, na kizuri hupita dola elfu kumi. Baiskeli ya umeme ya kawaida ni sehemu ndogo ya bei hiyo. Anayefanya kazi jikoni kwenye mgahawa ulio kando ya njia, na anayesafisha nyumba za wenye vigari, baiskeli hiyo ndiyo anayoimudu. Kanuni inayosema "vigari ndiyo, baiskeli za umeme hapana" inatenganisha watu kwa mfuko, hata kama aliyeitunga hakuwa na nia hiyo. Njia inatunzwa kwa kodi. Kodi hiyo hailipwi na wenye vigari peke yao.

Sasa nije kwenye hoja yao iliyo nzito kuliko zote. Wanasema: "Maneno yako mazuri, lakini askari aliyesimama njiani atajuaje hii ni daraja la kwanza na ile ni la tatu? Kigari anakiona. Baiskeli zote zinafanana. Kupiga marufuku zote ndiyo kanuni pekee inayotekelezeka." Ni hoja ya mtu mwenye akili, na inastahili jibu kamili.

Kwanza, mwendo haufichiki. Askari mwenye kifaa cha kupima kasi hahitaji kujua kuna nini ndani ya mota. Akiona chombo chochote, kiwe kigari, skuta au baiskeli, kinapita maili 20 kwenye njia ya pamoja, kosa limekwisha kutendeka mbele ya macho yake. Pili, pikipiki iliyojificha hujulikana kwa mambo mawili ambayo hata mzazi anaweza kuyakagua nyumbani: haina pedali zinazofanya kazi, au haina lebo ya daraja. Chombo kinachoitwa baiskeli ya umeme kikikosa kimojawapo, kinastahili kurudi barabarani au kubaki nyumbani. Tatu, marufuku ya jumla haimpunguzii askari kazi hata kidogo. Mtii sheria ataiacha baiskeli yake nyumbani. Yule kijana wa pikipiki ya umeme, ambaye tayari anavunja sheria, ataendelea kuivunja, na njia itabaki na mkosaji bila mashahidi. Kanuni inayowaondoa waungwana na kuwaacha wakorofi haiwezi kuitwa rahisi kutekeleza.

Wahenga wetu walisema, mwenye nguvu mpishe. Ni methali ya tahadhari: dhaifu anaambiwa ajiokoe. Nadhani Mama aliifuata bila hata kuifikiria, kila aliposhuka nyasini. Lakini ushauri wa kumwokoa mnyonge haufai kugeuzwa kuwa kanuni ya mji. Mji upo hasa ili mnyonge asilazimike kujiokoa peke yake. Kwenye njia ya pamoja methali inapaswa kugeuka: mwenye nguvu ndiye apishe, na kadiri nguvu zake zilivyo kubwa, ndivyo wajibu wake wa kupisha ulivyo mkubwa.

Sisi tuliokulia pwani tunaijua adabu hii. Katika vichochoro vya Lamu na vya Mji Mkongwe wa Unguja, mwenye punda au mbeba mzigo akikaribia kona huita, "Simile! Simile!" Anaomba apishwe, ni kweli. Lakini anaomba, hachukui. Sauti yake inakiri kwamba yeye ndiye mwenye mzigo, yeye ndiye anayeweza kuumiza, kwa hiyo yeye ndiye wa kutoa taarifa. Na mwendo wake ni wa mguu. Ukichelewa kujibana ukutani, punda husimama. Pikipiki zilipoingia kwenye vichochoro hivyo, kilichopotea ni huo muda kati ya kuitwa na kupisha. Wazee wa mitaa hiyo hawahitaji kuelezwa tofauti kati ya chombo kinachoweza kukungoja na chombo kisichoweza.

Hicho ndicho kipimo changu, na ningependa kila baraza la mji lenye njia za namna hii likipime kila chombo kwacho, bila kujali kinaitwaje: je, kinaweza kumngoja mwenda kwa miguu? Kiti mwendo, kigari cha kusukuma mtoto na baiskeli ya kawaida visiguswe kabisa. Kigari cha gofu kiruhusiwe, mradi kibaki ndani ya kikomo cha kasi na uzito kilichowekwa na sheria, na kufungua kufuli yake ya mwendo kuhesabiwe kosa sawa na la pikipiki. Baiskeli ya umeme ya daraja la kwanza na la pili iruhusiwe, na skuta ya umeme isiyopita maili 20 nayo iruhusiwe. Daraja la tatu, magari ya mwendo mdogo na pikipiki za umeme viende barabarani, ambako mwendo wao una wenzake.

Na kanuni moja ivifunge vyote vilivyobaki: kinapomkaribia mtu wa miguu, kila chombo kishuke mpaka kasi ya mtu anayekimbia polepole, kipige kengele au honi mapema, na kama nafasi haitoshi, kisimame. Kigari kina upana wa kama mita moja na robo. Viwili vikipishana kwenye njia ya mita tatu, hakuna nafasi ya mtu kupita salama. Hapo ndipo mmoja wao anapaswa kungoja, badala ya Mama kuruka nyasini.

Kuna watakaosema kanuni hii itawachelewesha. Itawachelewesha, na wanapaswa kukubali. Mtu anayetoka ziwani kwenda dukani kwa kigari atapoteza dakika mbili au tatu. Tunamwomba dakika hizo ili jirani yake mzee asiache kutembea. Maana mzee anayeshuka nyasini mara kumi katika matembezi ya nusu saa hatalalamika kwenye mkutano wa baraza. Siku moja atabaki nyumbani, na hakuna hesabu ya ajali itakayomwonyesha, kwa kuwa hakugongwa na mtu.

Mama alisharudi Tanga. Tukiongea kwa simu huniuliza kama bado natembea kule ziwani, na kama siku hizi wanapisha. Namwambia natembea, na wapo wanaopisha, kwa hiari yao. Ninachotaka ni kwamba isiwe hiari.